Migongo ya Kadi za Waendesha Pikipiki

Mwaka wa tatu tangu tufike Louisville, Marekani, nilikuwa namtunza mzee mmoja Mwingereza aliyeishi peke yake kule Highview. Mimi na binti yangu tulikuwa tumepanga upande wa Iroquois, na kila Jumamosi nilikwenda naye kazini kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi nilimwogesha mzee, nikampa dawa, nikapika na kufua. Binti yangu alikaa naye mezani wakitazama kadi.

Zilikuwa kadi za zamani, ndogo kuliko kiganja, zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara huko Uingereza kabla ya vita. Kila moja ilikuwa na picha ya mwendesha pikipiki wa mashindano. Mzee alimweleza binti yangu kwamba pikipiki zile hazikuwa na breki. Waendeshaji walizunguka uwanja uliotandazwa majivu ya makaa, na kwenye kona waliburuza mguu wa kushoto, ambao kiatu chake kilifungwa chuma chini. Seti nzima ilikuwa kadi hamsini. Yeye alikuwa nazo arobaini na saba, alizoachiwa na baba yake, na zile tatu alikuwa amezitafuta tangu ujana wake bila kuzipata. Binti yangu alizijua zote kwa sura. Akifika nyumbani alinisimulia kwa Kiingereza, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili huku mawazo yangu yako kwingine.

Siku moja mzee aliniita anieleze jambo kuhusu upande wa nyuma wa zile kadi. Nilikuwa nakunja nguo, na sikioni nasikiliza ujumbe wa kaka yangu wa Buffalo kuhusu zamu zake kiwandani. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama nilivyozoea kuitikia Kiingereza kinachonipita. Nikaendelea kukunja.

Siku ya kuzaliwa ya mzee ilipokaribia, nilitaka kumfurahisha. Kadi zilikaa ovyo kwenye kopo la biskuti, nikaona haifai. Nikanunua albamu nzuri yenye kurasa nene nyeusi. Siku hiyo binti yangu alikuwa shuleni, na mzee amelala baada ya chakula cha mchana. Nikachukua gundi kali niliyokuwa natumia kubandika soli za viatu, nikazibandika zote arobaini na saba, safu zimenyooka kabisa. Nyuma ya kadi niliona michirizi ya penseli. Nikadhani ni uchafu wa watoto.

Mzee alipoamka nilimwekea albamu mapajani. Alifungua ukurasa wa kwanza, akapitisha kidole ukingoni mwa kadi, akajaribu kuiinua kwa ukucha. Haikuinuka.

“Nani amefanya hivi?” akaniuliza.

Nilijua hapo hapo kwamba nimeharibu kitu, ingawa sikujua ni nini. Niliogopa atapiga simu kwenye ofisi iliyoniajiri nifukuzwe.

“Mtoto wangu,” nikasema.

Alifunga albamu. Kisha akanieleza tena lile jambo, na safari hii nilisikiliza. Baba yake alikuwa akienda kutazama mashindano kila wiki. Akirudi, aliandika kwa penseli nyuma ya kadi ya mwendeshaji alama alizopata siku ile, na neno moja au mawili ya kumchekesha mkewe, mama wa mzee. Baadaye akaenda vitani asirudi. Nyumba yao iliungua kwa mabomu, na kadi zilipona kwa sababu zilikuwa kwenye mkoba wa mama. Ule ndio mwandiko pekee wa baba yake aliokuwa nao. Mimi niliyetoka milimani Kivu bila hata picha moja ya baba yangu, ndimi niliyepaswa kuelewa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hakunishtaki. Aliniambia tu nisimgombeze mtoto, maana watoto hutaka kusaidia.

Toka siku hiyo sikumpeleka tena binti yangu Highview. Mama mmoja wa kanisani alikubali kukaa naye. Nilimwambia binti yangu kwamba mzee amechoka, hataki wageni. Aliniuliza amekosa nini. Nikasema hajakosa kitu, lakini nilisema hivyo bila kumtazama.

Miezi michache baadaye kwaya yetu ilialikwa Columbus. Nilikuwa nimesikia kuna ukumbi huko ambamo wakusanyaji wa vitu vya zamani hukutana na kuuziana, nikaiba saa mbili za mazoezi nikaenda. Nilikuwa nimepiga picha albamu kwa simu. Muuzaji mmoja mama aliitazama, akaniuliza ni gundi gani. Nilipomwambia, alitikisa kichwa. Ukibandua, alisema, picha itatoka na upande wa nyuma utabaki kwenye ukurasa vipande vipande. Kabla sijaondoka nilipata kwake mojawapo ya zile kadi tatu. Nikainunua.

Niliporudi Louisville, mzee alikuwa tayari amechukuliwa na binti yake, amehamia kwake Buffalo. Nilingoja hadi harusi ya kaka yangu ndipo nikafika huko, na binti yangu akiwa nami. Njiani kwenda kwa mzee nilikuwa napanga maneno ya kumwambia, na nilitaka kuyasema tukiwa wawili tu.

Lakini tuliingia sote. Nilimpa kadi. Akaigeuza upande wa nyuma kwanza, akaona hakuna kilichoandikwa, akanishukuru kwa adabu. Kisha akamshika binti yangu mkono.

“Sikukasirika kwa ajili ya gundi,” akamwambia. “Ulitaka zipendeze.”

Binti yangu alinigeukia. Ule ndio ulikuwa wakati wangu wa kusema, nikauacha upite.

“Nisamehe,” binti yangu akamwambia mzee.

Kwenye gari nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi mara nyingi: “Mama, ungeniambia mapema, ningekusaidia kusema.”

Nilimwahidi kwamba tutapita tena kwa mzee kesho yake, kabla ya kuondoka. Kesho yake wageni wa harusi walikuwa wengi, sufuria zilikuwa za kuoshwa, na kaka yangu akasema, “Bon, mtaenda siku ingine.” Nikakubali upesi kuliko ilivyohitajika. Mzee alifariki kabla sijarudi Buffalo.

Binti yangu sasa anamaliza sekondari. Hajawahi kunisuta. Ila tangu siku ile, jambo likiharibika nyumbani, hata liwe dogo, husema mwenyewe mara moja, “Ni mimi,” kabla sijauliza.