Waya Uliokatika Ghalani Sikonge

Watu wa Sikonge walipokuwa wamehamia karibuni katika kijiji chao cha ujamaa, nilitumwa kutoka Tabora mjini kwenda kufunga vitambua-joto katika ghala lao la tumbaku. Nilikwenda na mke wangu, mwenye mimba yetu ya kwanza. Akapata kazi humo humo ghalani, kuchambua majani na wanawake wenzake. Tangu hapo sikuwa na raha.

Kitambua-joto ni kitu rahisi. Ndani mna kibati cha metali mbili zilizogandishwa pamoja. Joto likizidi, moja hutanuka kuliko nyingine, kibati kinapinda na kuunganisha umeme, kengele inalia. Nilivitundika vyote chini ya paa, nikavipitishia nyaya mbili toka kwenye betri hadi pembe ya mwisho. Huko nikafunga rezista, kijidude cha kubana umeme, ili upite kidogo tu saa zote. Waya ukikatika, umeme ule unakoma na taa nyekundu inawaka mlangoni. Lakini vitambua-joto vyote vilivyo ng'ambo ya mkato, mbali na betri, vinakuwa bubu.

Alasiri moja ya kiangazi, mabati yakiunguza, taa iliwaka.

"Ndugu fundi, mtambo wako umeharibika," mwenyekiti wa kijiji alicheka. "Panya hao."

"Tuwatoe watu kwanza, ndugu mwenyekiti."

"Kwa ajili ya taa? Na lori la kuchukua tumbaku linakuja kesho?"

Nikapanda ngazi. Kule pembeni kabisa, upande uliokuwa bubu, niliiona kanga ya mke wangu. Nikaufuata waya boriti kwa boriti, jasho likiniingia machoni. Harufu niliisikia, ila ghala la tumbaku halikosi harufu. Nikajiambia ni woga wangu. Mwishowe nikapakuta mahali panya walipotafuna. Nikakwangua ncha, nikazisokota pamoja.

Kengele ikalia papo hapo.

"Umegusa nini?" mwenyekiti alipiga kelele.

Kwa kitambo sikujua. Nilidhani nimekosea kuunga. Kisha nikaelewa: kule ng'ambo ya mkato kibati kilikuwa kimeshapinda, tena kitambo, ila hakikuwa na njia ya kutuambia.

"Tokeni! Moto!"

Nilishuka nikamshika mke wangu mkono, nikamvuta.

"Polepole, utaniangusha," alisema, na mimi nikazidi kuvuta.

Wanaume waliyaburura marobota ya tumbaku nje. Moja, lililofungwa majani yakiwa bado na unyevu, lilikuwa limejichemsha lenyewe. Walipolipasua moshi ulifoka, na katikati palikuwa pekundu kama jiko. Tulilimwagia maji na mchanga. Marobota machache yaliungua, jengo lilipona, watu wote wakapona. Mwenyekiti hakucheka tena. Alikwenda mwenyewe kupeleka habari kwamba lori la kesho lisubiri.

Jioni mke wangu alisema atarudi kazini.

"Hapana," nikamwambia.

"Kengele si imelia?"

"Imelia baada ya mimi kuunga waya. Je, ningechelewa?"

"Basi pitisha nyaya zako ndani ya bomba la chuma, panya wasizifikie. Mimi nitakaa karibu na mlango."

Nikafanya hivyo. Naye akakaa mlangoni hadi alipokaribia kujifungua mtoto wetu wa kike. Kila asubuhi, kabla wanawake hawajaingia, nilipanda ngazi na kitambaa kilicholowa maji ya moto, nikakigandamiza kwenye kitambua-joto cha mwisho, nikasubiri. Palikuwa na kimya kidogo kabla ya mlio, na kimya kile sikukizoea kamwe.