Mikono Isiyokimbilia Bomba

Saa nane mchana kengele inalia, na mashine za chumba cha kufulia cha hospitali moja huko Wembley, London, zinanyamaza moja baada ya nyingine. Wanawake wanaacha mashuka. Zamani wangekimbilia bomba. Sasa wanamtazama kwanza Placida Abrenica, ambaye amejifunga taulo kavu mikononi na kukaa juu ya kikapu kilichopinduliwa, katulia kama kuku anayeatamia.

"Ndugu kumi wametoka motoni, mto wanauogopa," anatega.

"Vidole vyako!" wenzake wanajibu kwa pamoja, na kicheko juu yake.

Mwezi uliopita hapakuwa na kicheko. Taulo hiyo hiyo nusura imrudishe kwao Ufilipino.

Placida ana miaka ishirini na tisa. Alifika London mwaka 1971 akitokea kijiji kimoja cha kisiwa cha Leyte, kwa kibali kilichotaja hospitali hii peke yake. Kazi ikimponyoka, na kibali basi. Analipwa pauni kumi na tano kwa wiki. Nne kati ya hizo zinamlea binti yake, aliyebaki na bibi yake huko kijijini.

Kiswahili amekiokota hapo hapo kwenye pasi, kwa Mohinder Kaur, aliyehama Kisumu mwaka 1968, na Bi Suad, Mzanzibari aliyekimbia kwao.

"Kiingereza nilisoma shuleni," anasema Placida. "Kufika hapa nasikia, 'Lete shuka, haraka wewe!' Nikajua ndicho Kiingereza cha Wembley."

Mama yake ni mkandaji. Kwao huitwa hilot. Hupaka mafuta ya nazi, akapitisha jani la mgomba juu ya ngozi. Jani likinata, hapo ndipo baridi ilipojificha. Placida amekua akimshikia chupa ya mafuta. Wembley mgomba atautoa wapi? Hutumia karatasi ya nta ya kufungia mkate, na inanata vilevile.

Akitaka kumwaga maji ya moto kwenye mtaro wa uani, husema kwanza, "Tabi po," yaani tupisheni, asije akawaunguza wasioonekana. Siku Bi Suad alipoambiwa maana yake, alipiga makofi.

"Mwanangu! Bibi yangu Pemba hamwagi maji ya moto bila bismillahi. Kumbe majirani hawa wako kila mahali?"

Lakini kubwa kuliko yote ni kitu wanachokiita pasma. Mkono uliotoka kwenye pasi hauoshwi kwa maji baridi. Moto na baridi vikikutana mshipani, mkono utatetemeka hadi uzeeni. Sharti upoe kwanza. Na ukutani kuna tangazo: kila mfanyakazi anawe kengele ikilia. Bomba lililotoa maji lilikuwa moja, na maji yake kama barafu.

Mwaka mzima Placida alijificha na taulo yake nyuma ya marobota ya mashuka, akanawa wenzake wakishaondoka. Ndipo akaja msimamizi mpya. "Huyu hanawi," akaandika. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikaja barua: afike kwa mkuu wa idara ajieleze, siku tisa kabla ya kibali chake kwisha.

"Kwa nini wewe hapana sema?" Mohinder alimkaripia.

"Niseme nini, dada? Kwamba mikono yangu inaogopa bomba? Wataniita mchawi."

"Basi twende wote. Mdomo yangu haiogopi bomba."

Ofisini, Mohinder aliweka mkono wake wa kulia juu ya meza. Akaeleza kwamba miaka miwili ya kutoka kwenye pasi na kuingia kwenye yale maji ilimfanya Januari ashindwe hata kushika kikombe. Placida ndiye aliyemkanda, jioni sita mfululizo, akamwamuru apumzishe mkono kabla ya kunawa.

"Sasa tazama," akasema. Akachukua kalamu ya mkuu, akaandika jina lake lote. Haikuyumba hata herufi moja.

Mkuu aliutazama mwandiko ule. Kisha akamgeukia Placida. "Na maji ya vuguvugu? Nayo yamekatazwa?"

"La, bwana. Mikono ikishapoa, hayo ni mazuri sana."

"Kwa hiyo shida yote hii ni maji ya moto tu?"

Kumbe bomba la maji ya moto lilikufa tangu masika ya mwaka juzi, na hakuna aliyemwambia mkuu. Akaichana barua.

"Nikapiga magoti kushukuru," Placida anakumbuka. "Nikainama hadi sakafuni. Mohinder akadhani nimezimia, akanimwagia glasi ya maji baridi! Usoni, sawa. Mikono niliificha haraka."

Fundi alikuja keshoye. Kibali kimegongwa muhuri wa mwaka mwingine, na kila mtu hupewa robo saa ya kupumzisha mikono.

Robo saa ya leo imekwisha. Placida anafungua taulo.

"Ijumaa Kuu ijayo nitakuwa kwa mama," anasema. "Siku hiyo ndipo mafuta huchemshwa. Amezeeka, anataka anikabidhi chupa yake. Na binti yangu nimwone."

"Na mkono yangu nitapelekea nani?" Mohinder anadakia.

"Nitarudi, dada. Na chupa."

Ananawa katika beseni, polepole, mvuke ukimpanda usoni. Analisogeza beseni hadi mtaroni.

"Tabi po," anasema. Anasita kidogo, halafu anaongeza, "Hodi, jamani. Huenda na hawa wa chini wametoka Kisumu."