Ukuta wa Mwanahamisi Uliishia Madirishani

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino kirefu. Nilikuwa Bibi Maendeleo mpya. Ndivyo tulivyoitwa wanawake tulioajiriwa baada ya Uhuru kufundisha kina mama vijijini usafi, ushonaji na malezi, na mimi nilitaka Handeni yote ijue nimefika. Bwana Maendeleo wa Wilaya, mkubwa wangu wa kwanza, aliniangalia kuanzia kichwani akaishia miguuni.

"Binti, hivyo ni vya harusi. Kazi yetu huku ni kutembea."

Siku hiyohiyo nikanunua raba. Bwana yule hakuwa na maneno mengi, lakini alinifundisha jambo moja nililolishika kama dini: usiingie kijijini ukaanza kufundisha. Keti, uliza, sikiliza, ndipo useme. Ninyi maafisa wa leo mnashuka kwenye gari na kufungua kompyuta kabla hata hamjaamkiana na watu. Haya, nisigombe, nimeombwa kusimulia.

Miaka ya sabini, watu walipokwisha kuhamia vijiji vya ujamaa, nikahamishiwa chuo cha maendeleo ya wananchi, huku kati ya Handeni na Korogwe. Jina lake naliacha, maana wenyewe wengine wapo hai. Hakikuwa chuo cha kukimbilia cheti. Kijiji kilikaa mkutano, kikaona kinakosa nini, mwashi au seremala au fundi cherehani, kikamchagua mtu wake na kumtuma. Akimaliza anarudi kwao kufanya kazi. Mimi nilikuwa mkufunzi wa maarifa ya nyumbani na mlezi wa bweni la wanawake.

Uongozi wake nauelezea kwa sababu hamtauona tena. Wanachuo walikuwa na baraza lao. Walipanga zamu za shamba na za jikoni, na walikuwa na haki ya kumsimamisha Mkuu wa Chuo na kumhoji juu ya maharage yaliyobunguliwa. Walimhoji kweli, naye alijibu. Juu ya wote kulikuwa na bodi: wazee waliowakilisha vijiji, mtu wa chama, bwana mmoja wa wizara, mwenyekiti wa wanachuo, na mimi kwa niaba ya wakufunzi. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mwalimu mstaafu. Mkuu wa Chuo, pamoja na ukubwa wake, alikuwa katibu tu pale mezani. Na bila akidi, yaani wajumbe wa kutosha kuhalalisha kikao, hapakuamuliwa kitu, hata mvua iwe imefunga barabara na wazee wamekwama ng'ambo.

Mkuu huyo alikuwa Mshambaa wa milimani, mpole, asiyejua kufoka. Neno lake lilikuwa moja: "Chuo ni cha wananchi." Nilimpenda kwa neno hilo. Nalo ndilo lililotuponza.

Mwanahamisi alitumwa na kijiji kimoja cha Handeni kuja kusomea uashi, kwa sababu kijiji kilitaka kujijengea zahanati. Mwanamke kusomea uashi! Wanaume wa darasa lake walicheka, mpaka siku walipoona timazi yake, ile kamba yenye chuma inayopima wima wa ukuta, imetulia huku za kwao zikiyumba. Alikuja na mtoto mgongoni, bado ananyonya. Mchana nilimlea mimi jikoni, usiku analala na mamake bwenini.

Hapakuwa na sheria ya kumkataza. Tatizo ni kwamba hapakuwa na sheria ya kumruhusu pia. Mtunza stoo akauliza uji wa mtoto autoe kwa fungu gani. Baraza la wanachuo likakaa, likasema mama abaki. Wakufunzi tukakaa, tukasema abaki. Likapanda bodini, na yule bwana wa wizara akavua miwani.

"Hapa chuoni mtoto huyu yuko chini ya nani?"

"Yuko chini ya mamake," nikamjibu, "na akilala yuko chini ya chandarua." Wazee wakacheka, yeye hakucheka.

Nikamgeukia Mkuu. "Mkuu, hili ni la kusema ndiyo tu, tukanywe chai."

"Mama Mlezi," akasema kwa upole wake, "Mwanahamisi si wetu. Ametumwa. Aliyemtuma ndiye aulizwe kama anapenda aendelee akiwa na mtoto."

Ikaonekana ni hekima. Tukamwagiza Mzee Mhina, mjumbe wa bodi aliyetoka kijiji hichohicho, alifikishe swali nyumbani. Akafunga kanzu yake vizuri, akaondoka nalo.

Haikupita muda mrefu akarudi na wazee wenzake wawili, jogoo mikononi, na bwana mmoja mwenye ndevu aliyebeba godoro. Wakaamkia, wakapewa viti. Mzee Mhina akasema, "Mkuu, kijiji kinaomba radhi kwa usumbufu wa mtoto. Tumekuja kumchukua binti yetu. Huyu hapa atashika nafasi yake."

Nikamvuta Mkuu pembeni ya ofisi. "Wakatalie! Waambie tunamtaka yuleyule!"

Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, nami naumia. Lakini kijiji kimeamua. Siku nitakayopindua uamuzi wa kijiji kwa sababu mimi sikuupenda, ile bodi itakuwa pambo."

Mwanahamisi aliosha mwiko wake wa uashi, akaurudisha stoo, akamfunga mtoto mgongoni. Aliniaga kwa adabu, "Mama, asante kwa malezi," wala hakulia. Nililia mimi, tena mbele ya wageni, na jogoo wao sikumla.

Kikao cha bodi kilichofuata kilikuwa baada ya masika. Mwenyekiti akamuuliza Mzee Mhina, kwa nia njema kabisa, kwa nini kijiji kilimkataa mtu wake. Mzee akashangaa.

"Tumkatae sisi? Ninyi ndio mliomchoka! Mwenye nyumba akimuuliza mgeni ataondoka lini, mgeni si afunge mzigo? Mlituuliza, tukaona aibu. Kijiji kizima kilisikitika."

Mwenyekiti akavua kofia akaiweka mezani. Sisi tuliuliza kwa heshima, wao wakajibu kwa heshima, na baina ya heshima hizo mbili mtu amepotea! Bodi ikaazimia arudishwe mara moja. Jibu likaja kwamba mwenyewe amekataa. Alisema ameshatumwa akarudishwa mbele ya watu, na hatatumwa tena.

Mkuu wetu alihamishwa baadaye. Aliyekuja alikuwa mtu wa amri. Mambo yakawa yanaamuliwa ofisini kwake kabla chai haijapoa, na bodi ikaitwa kuja kupiga makofi. Baraza la wanachuo likabaki la kupanga michezo. Wazee wa vijiji waliacha kuja, na vijiji vikaacha kutuma. Ikawa kila mtu analeta maombi yake. Mkuu huyu mpya angembakiza Mwanahamisi kwa neno moja. Nalijua hilo, linaniuma, na bado sikumpenda.

Nilistaafu nikajenga Kilole, hapa Korogwe. Mwaka uliofuata nilialikwa harusi kijijini kwa kina Mwanahamisi, nikaulizia nyumba yake. Nilimkuta uani anapepeta mahindi, mvi zimemwingia. "Shikamoo mama!" akaruka. Tukakumbatiana, akanitandikia mkeka.

Nikaitazama nyumba. Kuanzia chini hadi mwisho wa juu wa madirisha ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mistari imenyooka hata kamba ingeona haya. Juu ya hapo ilikuwa fito na udongo.

"Mbona matofali yameishia hapo?"

"Hapo ndipo tulipofika chuoni, mama. Linta ilikuwa muhula unaofuata." Linta ni ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, ndio unaobeba ukuta wa juu. "Sikutaka kubahatisha, nisije nikaangusha nyumba juu ya watoto."

Basi nikamweleza yote, maana nilidhani ni dawa. Kwamba baraza lilimtaka, wakufunzi walimtaka, bodi ilimtaka, na kijiji chake pia kilimtaka. Kwamba tuliulizana tu vibaya. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia magotini.

"Kumbe mliuliza watu wengi hivyo," akasema.

"Wengi, mwanangu. Ndivyo chuo kilivyoendeshwa."

"Na mimi nilikuwa palepale bwenini, mama. Mbona hamkuniuliza?"

Akainuka, akaenda kunichemshia chai.