Begi Tupu Nililokwenda Nalo Praha

Jumanne ya pili ya mwezi wa Februari mwaka huu nilimpoteza Dada Tabitha. Alifia kwao Singida, mimi nikiwa huku Guangzhou, na maziko yake niliyatazama kwenye simu, nimekaa juu ya robota la suruali za jinzi katika duka la watu. Mwenye duka, Mchina ambaye tumezoeana miaka mingi, aliponiona ninalia alizima redio yake, akanisogezea kikombe cha maji ya moto, akaenda kusimama nje. Tabitha hatukuzaliwa tumbo moja. Ndiye aliyenileta mji huu, akanifundisha kushika kitambaa na kujua kama kitachuja, akanilaza kwenye chumba chake mpaka nilipopata changu. Nimemlilia kama ndugu. Lakini, mwanangu unayesoma haya, kuna jambo ambalo machozi hayakulimaliza. Aliniomba nimletee kitu kimoja kutoka safarini. Nilikileta, na nikamnyima.

Nakumbuka ilikuwa Jumapili, miaka kumi na saba iliyopita. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, sina mume wala mtoto, na shule niliishia darasa la saba. Mwanzoni mwa mwaka ule, mwenye duka mmoja pale barabara ya Guangyuan Xilu alikuwa amenipa kalenda. Kila mwezi ulikuwa na picha ya mji wa kale wa Ulaya: makanisa yenye minara, barabara za mawe, na pembeni treni inapita kando ya mto. Niliitundika juu ya kitanda changu. Mwezi ukiisha sikuchana karatasi, niliifunua tu na kuikunja nyuma, nisipoteze picha. Kabla ya kalenda kwisha nilikuwa nimeshaamua. Nitakwenda, nitapanda treni zile, nitatembea peke yangu, nitazame.

Sasa shida ikawa namna ya kusema. Sisi wafanyabiashara mwenzetu akisafiri hatumuulizi anakwenda wapi. Tunamuuliza anakwenda kuchukua nini. Mtu anayesafiri asichukue kitu tunamwona ana wazimu au ana siri. Na mwanamke asiye na mume, akisema anakwenda Ulaya kutembea, utasikia kesho yake kuwa amemfuata mzungu. Basi nikadanganya. Sikulazimishwa na mtu.

Jumapili hiyo tulikuwa tunakula kwa mama mmoja wa Kitanzania, aliyekuwa akipika ugali na samaki ghorofa ya tatu, karibu na tulipokaa. Tulikuwepo watu kama kumi. Hamisi, mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye hakuna mtu aliyewahi kumnyamazisha, ndiye aliyeanza.

"Debora, Ulaya unakwenda kuchukua nini?"

"Viatu," nikasema. "Nakwenda Italia kuangalia viatu."

"Viatu vya Italia uvipeleke kwenu Mwanza? Atavaa nani, sangara?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, na uongo ukawa umeshapita. Tabitha hakucheka sana. Alitoa mkobani begi kubwa la mistari, lile tunaloliita shangazi kaja, amelikunja mpaka limekuwa kama kitabu.

"Chukua hili, mdogo wangu. Usije ukanunua vitu halafu ukose pa kutia." Kisha akainama karibu yangu, kama mtu anayeona haya kidogo. "Na mimi nina langu. Tulipokuwa shule kulikuwa na kitabu cha jiografia. Ndani yake kuna picha ya daraja la mawe, la mji unaitwa Praha. Sanamu zimesimama kulia na kushoto, utadhani zinasubiri mgeni. Ile picha inakatika katikati ya daraja. Nikamuuliza mwalimu, upande wa pili kuna nini? Akaniambia nikae chini. Kama utapita huko, livuke mpaka mwisho, uje uniambie."

"Nikipata muda, dada," nikamjibu. Na Praha ilikuwa kwenye kalenda yangu, mwezi wa tisa.

Nilianzia Budapest. Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu huenda na wewe ukaenda, na hakuna aliyenieleza mimi. Huku China kituo cha treni kina mageti, mikoba inapita kwenye mashine, na ukichelewa dakika chache geti linafungwa. Kule niliingia moja kwa moja mpaka kwenye treni, hakuna aliyeniuliza kitu, nikaogopa nikadhani nimepotea. Nikasimama mbele ya mlango wa behewa nikingoja ufunguke. Haukufunguka. Filimbi ikalia. Mzee mmoja mwenye mbwa akanyoosha mkono mbele yangu, akabonyeza kitufe cha kijani, mlango ukafunguka. Yule mbwa akapanda kabla yangu.

Siku ya kwanza sikula. Niliogopa kuacha begi kwenye kiti, na niliogopa kwenda nalo chooni. Kwenye treni ya kwenda Vienna tulikaa watu wanne kwenye kijumba chenye mlango wa kioo. Bibi mmoja akamenya tofaa kwa kisu kidogo, akalikata vipande, akanipa kimoja bila kuniuliza kama nataka. Nikala. Baada ya hapo nikaweka paji la uso kwenye dirisha, na sikuliondoa tena mpaka tumefika. Mashamba, mapaa mekundu, kanisa, farasi wawili, mto. Nilikuwa sijawahi kukaa saa tatu bila mtu kunihitaji. Guangzhou nilikuwa bosi, nyumbani nilikuwa dada anayetuma pesa, sokoni nilikuwa mteja. Pale nilikuwa mtu anayetazama dirishani, basi.

Praha nilifika jioni, nikalala. Alfajiri kabla watu hawajatoka nikaenda kwenye daraja. Sanamu zilikuwepo, nyeusi, kulia na kushoto, kama alivyosema. Nilipofika katikati, pale nilipodhani picha ya Tabitha inakatika, nikasimama nikavuta pumzi. Kisha nikaendelea. Mwisho wa daraja kuna minara miwili imeunganishwa na lango, na ukipita chini ya lango barabara inapanda mlima. Lakini kabla ya kufika langoni, mkono wa kushoto, kuna ngazi za mawe. Nikashuka. Chini kuna mfereji mwembamba wa maji, na gurudumu kubwa la mbao la kinu linazunguka polepole peke yake. Kando ya mfereji, dirisha la nyumba ya chini lilikuwa wazi, na mwanamke alikuwa anakung'uta mkeka wa mlangoni. Akaniona, akatikisa kichwa kunisalimia. Nikasimama pale nikitabasamu kama mjinga. Upande wa pili kuna watu wanaishi, dada. Nilikuwa nikizungumza naye kichwani.

Nilivuka daraja lile mara tatu siku ile. Mara ya tatu wachuuzi walikuwa wamefika. Mmoja alikuwa anauza sumaku za kubandika kwenye friji, zina picha ya daraja, na nikaitambua katoni yake. Zile katoni nimezipita maelfu ya mara kwenye maghala ya Guangzhou. Nikamuuliza zinatengenezwa wapi. Akaniambia mjomba wake anazichonga nyumbani. Nikampiga picha yeye na sumaku zake, nikajua Tabitha atacheka mpaka ashike ubavu.

Ndipo nikakumbuka begi.

Mwanangu, begi lile lilikuwa limekaa tupu chini ya nguo zangu, na kila nilipofungua sanduku lilinitazama. Nitarudi nalo tupu? Nilikuwa na siku mbili Venisi, mji ambao niliutazama kitandani mwezi mzima wa sita. Siku zote mbili nilizimaliza kwenye maduka ya viatu nje ya mji, nikitafuta jozi za kuniokoa na aibu. Nilinunua kwa haraka, bila kuzikagua vizuri, mimi ambaye suruali ya jinzi naigeuza ndani nje kabla sijauliza bei. Mji wenyewe niliuona kwa mbali, treni ilipokuwa inaondoka. Uwanja wa ndege nikachukua kamera yangu ndogo, nikafuta picha moja baada ya nyingine. Mtu aliyekwenda kwenye viatu angekuwaje na picha arobaini za daraja? Ya mchuuzi wa sumaku niliifuta mwisho.

Jumapili iliyofuata tukakaa meza ile ile. Nikamwaga viatu. Hamisi akachukua jozi moja ya mkewe, wengine wakavipapasa. Tabitha alingoja wamalize, kisha akaniuliza, na sauti yake naisikia hata sasa ninapoandika.

"Na daraja langu?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Ingetosha kusema ndiyo. Lakini ndiyo ingeleta swali la pili, na la tatu, na viatu vyote vile vingeonekana vilivyo.

"Sikupata muda, dada. Kazi."

Tabitha akachukua kiatu kimoja, akakigeuza, akatazama soli yake. "Ngozi nzuri," akasema. Tulipokuwa tunashuka ngazi akanishika bega. "Mdogo wangu, kazi haiishi. Siku nyingine ukienda mahali, tembea hata kidogo."

Alinikemea kwa upole kwa kosa ambalo sikulifanya, na nikakubali.

Ningeweza kumwambia mwezi uliofuata. Ningeweza kumwambia mwaka aliporudi Singida kwa ajili ya maumivu ya magoti, maana tulizungumza kwenye simu karibu kila wiki. Kila mwaka jambo lenyewe lilizidi kuwa dogo na aibu yake ikazidi kuwa kubwa. Nilijiambia tutakapoonana ana kwa ana. Hatukuonana.

Mwezi wa nne, baada ya msiba, bintiye Upendo alirudi Guangzhou kuendelea na oda za mama yake. Yeye ndiye anayekwenda Xintang siku hizi, kwenye viwanda vya jinzi, na mafundi wa kule wanamwogopa kuliko walivyomwogopa mama yake. Siku moja alikuja kwangu kuazima begi.

"Mama mdogo, nakwenda Ulaya wiki mbili. Kuna maonyesho ya vitambaa."

"Miji gani?"

Akanitajia: Budapest, Vienna, Praha. Akasema anatoka mji mmoja kwenda mwingine kwa treni. Kisha akatazama pembeni, na nikajua. Miji ile niliifahamu kwa mpangilio huo huo.

"Maonyesho yako wapi, Vienna au Praha?"

"Yote mawili," akasema, na uso ukamshuka.

Nikamkalisha. Nikamweleza kalenda, kitufe cha kijani, kipande cha tofaa, viatu, picha nilizofuta. Nikamweleza daraja la mama yake mpaka kwenye gurudumu la kinu na yule mwanamke wa mkeka.

"Alikuwa akituhadithia hilo daraja," akasema. "Alisema amelikosa mara mbili. Mara ya kwanza kitabuni. Mara ya pili hakutaja."

Sikujaribu kujitetea. Alilia, nami nikalia. Kisha akalirudisha begi langu kwenye ndoano nyuma ya mlango.

Jumapili yake tulikwenda wote kula. Yule mama wa ugali alishaondoka, sasa anapika mpwa wake. Hamisi yupo bado, ndevu zimekuwa nyeupe, mdomo ni ule ule.

"Upendo, Ulaya unakwenda kuchukua nini?"

"Sichukui kitu, mjomba. Nakwenda kutembea."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Hakuna mzungu huko?"

"Wamejaa, mjomba. Ni kwao."

Walicheka mpaka mpwa akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nami nikasema, kwa sauti ya kusikika meza nzima, kwamba hata mimi nilikwenda kutembea, na viatu vilikuwa uongo. Hamisi akaweka tonge chini.

"Debora, vile viatu mke wangu alivivaa siku moja, kisigino kikabaki kanisani kwenye harusi ya jirani. Mtu anayenunua kama wewe hawezi kununua viatu vile akiwa na akili zake. Mimi nilijua kuna jambo."

"Na Tabitha?"

"Tabitha sikumuuliza," akasema, safari hii bila mzaha.

Kwa hiyo sijui kama alijua, na sitajua. Sitaki kukudanganya kuwa nimepata jibu.

Ninachokuomba, mwanangu, ni hiki. Ukitamani kwenda kuona mahali, sema unakwenda kuona. Watakucheka chakula kimoja, kisha watakula. Nenda peke yako kama huna wa kwenda naye. Utaogopa siku ya kwanza, ya pili utakula tofaa la mtu usiyemjua. Usibebe begi la kujieleza kwa watu, maana utashinda ukilitafutia vitu badala ya kutazama ulichofuata. Na ukirudi, usimulie. Msimulie aliyekuuliza, siku hiyo hiyo aliyokuuliza, hata kama wengine wanasikiliza. Mungu akulinde njiani, akupe kiti cha dirishani, akukutanishe na wema usioulizwa jina, na akurudishe ukamkute anayekungoja bado yu hai.

Juzi simu iliita nikiwa Guangyuan Xilu, nimeshika bunda la soksi. Alikuwa Upendo. Upepo ulikuwa unavuma kwenye sauti yake.

"Mama mdogo, nimevuka. Nimeshuka ngazi."

"Gurudumu?"

"Lipo, linazunguka. Lile dirisha sasa ni duka la kahawa. Nimekaa hapo hapo."

Mwenye duka alinyoosha mkono anataka soksi zake. Nikazirudisha mezani, nikavuta kigoda, nikakaa.

"Haya," nikamwambia. "Nieleze, unaona nini kingine?"

Akanieleza.