Mlango Alioufunga Hortense

Katika soko la Owino, hapa Kampala, mafundi wa kupunguza suruali wamejaa tele, lakini fundi wa kukupunguzia suruali huku akikueleza Seneti ya Marekani imepiga kura namna gani alikuwa mmoja tu. Huyo ni Hortense, Mkongo wa Goma. Mimi naitwa Nabalayo, mtu wa Bungoma, nauza mapazia ya mitumba, na kati ya mapazia yangu na cherehani yake kuna gunia moja la vitambaa. Kwa hiyo yote niliyasikia, nipende nisipende.

Wateja walimwita Mama Congo. "Mama Congo, suluali yangu inatoka leo ama?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Inatoka. Lakini ulisikia ile habari ya mazungumzo ya Doha?" Mteja hajasikia habari ya Doha. Mteja anataka suruali. Basi atasimama pale ahubiriwe habari za madini, za Warusi na za Gaza mpaka pindo la pili liishe. Nilikuwa nikimtania, "Wewe, hao wakubwa wa dunia wanajua kuna mtu anawasimamia kutoka Owino?" Alicheka mpaka meza ikatikisika. Alikuwa na kicheko kikubwa, na mimi sijakisikia tena tangu Agosti ya mwaka jana.

Aliyoyahubiri kwa wateja aliyaandika pia kwenye mtandao uitwao Barza. Facebook hapa Uganda ilizimwa tangu uchaguzi wa mwaka 2021, na wengi wanaipata kwa njia za panya. Bénit, Mkongo mwenzake anayetengeneza kompyuta kule Lubaga, alichoka na njia za panya, akawafungulia wenzake mtandao wao wenyewe. Akauita Barza, maana kwao barza ni pale mbele ya nyumba watu wanapokaa kuzungumza. Hortense alinieleza mara tatu kabla sijaelewa. Mtandao wa namna hii hauna bwana mmoja aliyekaa Marekani. Ni kama mtaa: kila nyumba ina mwenyewe na sheria zake, lakini walio nyumba hii wanasikiana na walio nyumba ile. Mwenye nyumba akichoshwa na jirani, anafunga mlango wa upande ule, na tangu hapo wa kule waseme wasemavyo, wa huku hawasikii neno. Barza ilikuwa na watu elfu mbili, na Bénit alimpa Hortense funguo zake, yaani uwezo wa kufuta matusi, kuwatoa watu na kufunga milango.

Mdogo wake, Bienfait, hakukaa Barza. Alikaa nyumba nyingine, Mizani, pamoja na vijana wenzake wa Goma. Mama yao alifariki Bienfait akiwa na miaka sita. Hortense ndiye aliyemwogesha na kumlisha, na hata alipokimbilia Kampala na watoto wake alimsomesha kwa cherehani hii hii mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi. Goma ilipotekwa na waasi, Januari ya 2025, Hortense alikuwa kila asubuhi, kabla ya kutia uzi kwenye sindano, anafungua simu kutafuta maneno mawili: "Yaya, tumeamka." Yaya ndivyo Wakongo wanavyomwita ndugu mkubwa. Akiyapata, siku imenyooka. Yakichelewa, suruali za watu zinakatwa upande, na mimi ndiye niliyewatuliza wenye suruali.

Mwezi wa sita mawaziri wa Kongo na Rwanda wakaenda Washington kutia sahihi mkataba wa amani. Hortense aliandika siku tatu mfululizo. Hiyo amani ni ya wachimba madini, alisema, na anayeishi Goma na kunyamaza ni mwoga. Hapo ulimi wake ulimponyoka, na ulimi hauna mfupa. Bienfait akamjibu palepale hadharani: "Yaya, wewe uko Kampala, unashona. Sisi ndiyo tuko huku. Ukiandika kwa ukali, huku wanakuya kutuuliza sisi. Punguza." Watu mia nne wakaonyesha wamelipenda jibu hilo. Nami nililipenda, ila sikumwambia, na leo natamani ningemwambia.

Kwa watu wengine ugomvi wa namna hiyo huisha kwa chai. Kwa akina Hortense una taratibu zake. Mdogo akimkosea mkubwa mbele za watu, mdogo ndiye hutangulia kuomba radhi, na haingii nyumbani kwa mkubwa mpaka mkubwa atamke mwenyewe neno "kuya", yaani njoo. Mkubwa hatangulii. Akitangulia, amejivunjia heshima. Hortense alinieleza hayo akiwa na pini mdomoni, na nilimwona macho yake yamekuwa mekundu.

Wiki hiyo hiyo mtu mmoja wa Mizani akaweka picha ya Hortense, akaandika kwamba amenunuliwa. Chini yake wengine wakaanza kuwaita majirani zao nyoka na mende, na mambo mengine ambayo sitayarudia. Hortense akamwandikia mwenye Mizani, bwana mmoja anayeishi Ulaya, awaondoe watu hao. Hakujibu. Siku ya pili hakujibu. Alhamisi asubuhi Hortense akampigia Bénit, simu ikiwa juu ya meza na sauti yake nje.

"Ninafunga Mizani yote," alisema.

"Yaya Hortense, haki ni yako. Lakini usifunge kwanza," Bénit alijibu. "Tangaza siku saba, batu bapate kuhama. Ule petit wako Bienfait si iko kule?"

"Bienfait ni mutu muzima. Atasoma tangazo, atahamia kwetu, na ataniomba radhi."

Akakata simu, akabonyeza. Kisha ndipo akaandika tangazo refu, zuri, la kuwaeleza wakaaji wema wa Mizani jinsi ya kuhamia Barza. Mnaona alichofanya. Alifunga kwanza, akatangaza baadaye. Tangazo likawafikia watu wote isipokuwa wale lililowahusu. Bénit alipoliona alidhani mlango bado uko wazi, akamsifu. Na mimi nilipiga makofi, nakiri, kwa sababu niliona mwanamke ametukanwa na amejibu. Hasira hasara, tunasema kila siku, lakini nani hulisema wakati hasira inapendeza?

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na "Yaya, tumeamka." Wala ya pili, wala ya tatu. "Ananuna," Hortense alisema. "Tangazo alisoma, anakatala tu kuhama." Baada ya wiki alianza kumpigia simu kwa kificho, akinigeuzia mgongo kana kwamba mimi ni mtoto, na namba ilikuwa imezimwa. Alisema Bienfait ameizima ili amkwepe. Wala Bienfait hakuwa na namba aliyokariri ya kumpigia, maana laini ya zamani ya Hortense ilikuwa imefungwa mwezi wa tano kwa mambo ya usajili, na ile mpya alimtumia kwa SMS tu, ikakaa kwenye simu ya Bienfait.

"Mtafute wewe," nilimwambia. "Mfungulie huo mlango umwandikie."

"Nabalayo, kwenu mukubwa anaombaka mudogo radhi?"

"Kwetu mkubwa akikosea anaomba."

Akaikanyaga cherehani yake mpaka saa ya chakula. Alinisogezea nusu ya ndizi zake bila kunitazama, nami nikala, mambo yakaisha. Lakini wateja walianza kusema Mama Congo siku hizi anashona kimya. Hakuuliza tena habari za Doha. Watu wa Barza walibishana kuhusu dunia nzima na yeye hakuandika chochote. Alikuwa anafungua simu, anatazama, anaifunga.

Mwezi wa nane, Jumanne, saa nne asubuhi, msichana mwembamba mwenye mkoba mgongoni alisimama mbele ya cherehani. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari.

"Ni wewe Hortense, dada ya Bienfait?"

Hortense aliinuka kwa haraka mpaka kiti kikaanguka. Uso wake! Sijawahi kuona furaha inayomshika mtu namna ile. "Ni mimi! Alikutuma? Iko wapi? Mbona hakukuya ye mwenyewe?"

"Mi naitwa Estelle. Nilikuwaka jirani yake Goma," msichana alisema. Hakutabasamu. "Hakunituma. Nilikuya tu kuona sura ya dada mwenye hajibuke."

Akaeleza akiwa amesimama, mkoba ungali mgongoni. Mwezi wa saba Bienfait aliulizwa maswali mara mbili shuleni kwake, akaona hapakaliki. Wakakimbia pamoja, watu wanane. Kwenye kizuizi kimoja njiani walimnyang'anya simu. Walifika Kisoro, upande huu wa mpaka, wakapokelewa kwenye kambi ya wakimbizi. Pale Bienfait aliazima simu ya Estelle, akaingia Mizani kwa jina lake, maana neno la siri ndilo pekee alilokuwa nalo kichwani, akaanza kumwandikia dada yake. Alikaa siku kumi na mbili akiandika na kungoja.

"Nilimwambia twende Kampala, tukutafute Owino. Akakatala. Alisema, 'Siwezi kuingia kwa yaya mwenye hajasema kuya.' Siku ya kumi na tatu akarudi." Estelle alitoa simu mfukoni. "Ku njia ya Rutshuru, kulikuwa masasi. Ilimupata moja. Balimuzika palepale, batu ba kijiji."

Risasi hiyo mpaka leo hakuna aliyesema ni yake.

Hortense hakulia. Alinyoosha mkono. "Nionyeshe."

Estelle akampa simu. Nilisimama nyuma yake nikasoma pamoja naye, na sasa nayajua kwa moyo ingawa sitaki kuyajua.

"Yaya, niko Kisoro, mu kambi. Simu yangu waliikamata. Hii ni ya Estelle, jirani. Namba yako sina."

"Yaya, nilikukosea mbele ya batu. Nilisema vibaya. Unisamehe. Useme tu kuya, na mi ninakuya."

"Leo siku ya saba. Najua bado una hasira. Niko nangoja."

Na la mwisho: "Yaya, nimeangalia, nimeona ulinitoa kwa watu wako. Si mbaya. Wewe ni mukubwa, ulinilea. Nitarudia kazi yangu. Usalimie batoto."

"Sikuyaona," Hortense alisema. "Estelle, sikuonaka ata moja."

"Yote ilienda. Angalia mwenyewe. Hapa inaandika imetumwa."

Na kweli iliandika hivyo. Ndiyo ubaya wa ile milango: ukifungwa upande huu, upande wa pili hausikiki. Anayegonga haambiwi kwamba amefungiwa. Anaona tu maneno yake yamekwenda na hakuna anayemjibu. Zaidi ya hapo, mlango ulipofungwa uliwatenganisha wote waliokuwa wakifuatana, kwa hiyo jina la Bienfait likatoka kwenye orodha ya dada yake bila dada kuligusa. Yeye angejuaje? Aliona ametolewa.

Hortense alijaribu kueleza. Alisema nyumba, akasema mlango, akasema tangazo, siku saba, yule mtu wa Ulaya. Maneno yalimtoka ovyo ovyo, mkono ukionyesha huku na huku, na Estelle alimtazama kama watu wanavyomtazama mlevi wa asubuhi. Nilimsikia akijisemea kwa sauti ndogo, "Nilifunga mbele, nikatangaza nyuma." Alilisema mara mbili. Ndipo alipojua, na mimi ndipo nilipojua. Makofi yangu ya siku ile yalinirudia masikioni.

Aliokota kiti, akakaa, akamrudishia Estelle simu, akachukua simu yake mwenyewe. Akakosea neno la siri, akarudia. Akaingia kwenye funguo za Barza, akatafuta jina la Mizani, akaufungua mlango.

Kisha akangoja. Nadhani aliamini yale ya siku kumi na mbili yatamiminika yote kwa pamoja, yafike kwake, kwa jina lake, kama yalivyoandikiwa. Hayakuja. Yaliyogonga wakati mlango umefungwa hayarudi kugonga tena. Mteja mmoja alifika kuuliza suruali yake, nikamwashiria kwa mkono aende zake.

Hortense akaanza kuandika. Aliandika polepole, akitamka kila neno kwa midomo kama mtoto wa darasa la kwanza. "Bienfait, mudogo wangu. Ni mimi nilikosa, si wewe. Niliyapata maneno yako. Kuya nyumbani. Kuya." Akabonyeza.

Simu ikatetemeka mkononi mwa Estelle. Msichana aliisoma. Ile sura ngumu aliyokuja nayo ikavunjika, akavua mkoba mgongoni na kuuweka chini.

"Imefika?" Hortense aliuliza.

"Imefika, yaya."

Hortense akaanza kumwita mdogo wake kwa jina, kwa sauti ya juu, akimwambia kuya, kuya, na mafundi wa safu yetu wakasimamisha cherehani zao, mmoja baada ya mwingine.