Mkataba wa fremu una jina la marehemu mke wangu

Mke wangu alikufa mwezi wa pili. Alianguka anafua, hospitali tukafika amekwisha. Ndugu zake walitaka azikwe kwao Kibakwe, nikakubali.

Admini ficha jina langu. Nina miaka arobaini na saba, naishi Mkonze, kazi yangu kufyatua tofali za saruji kwenye yadi ya mtu Kizota. Shule niliishia la nne, nasoma kwa kusukuma. Nina mabinti wawili, mkubwa yuko sekondari ya bweni.

Kiwanja chetu kimeandikwa jina la mke wangu. Siku wapimaji wanapita mimi nilikuwa kwenye zege, yeye ndiye alishinda foleni, akaandikwa yeye. Sikuona shida. Nyumba tumejenga wote, mimi tofali, yeye hela ya maandazi. Mbele tukaweka fremu moja ya biashara. Mambo ya fremu alishika yeye yote. Mkataba yeye, namba ya mlipakodi yeye, ofisini anakwenda yeye. Mimi nilijua tu kuna hela inaingia ya shule.

Mwezi wa sita akaja dada mmoja anataka fremu afungue saluni. Mtu wa heshima, ananiita baba. Akasema anataka mkataba wa maandishi maana bila huo leseni hapati. Nikaenda steshenari tuliyozoea. Mama wa pale mkataba wetu anao kwenye kompyuta. Akaniuliza, "Ule ule?" Nikasema ule ule. Akabadilisha jina la mpangaji, akabadilisha tarehe, akachapa. Jina la mwenye nyumba hakuligusa, na mimi sikumwambia. Nikasaini pale pale juu ya jina la mke wangu. Dada naye akasaini. Hakuna aliyesoma.

Kesho yake akaleta kodi ya miezi sita. Nahesabu, haijatimia. Nikamuuliza nyingine iko wapi.

"Baba, nimekata kodi ya zuio. Sehemu moja ya kumi. Napeleka serikalini."

"Serikali ndiyo imepanga kwangu?"

"Ni sheria, baba. Nikishalipa unapewa cheti."

"Cheti kinapikwa?"

Nilimwita mwizi mbele ya majirani. Hela nikachukua hivyo hivyo, nikanunua saruji, nikapanda gari kwenda Kibakwe kumjengea mwenzangu kaburi, maana mvua ingelibomoa. Nimejenga mwenyewe. Siku aliyokufa nimeiandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Hela yote iliishia pale.

Sasa juzi dada akaja na uso mwingine. Kasema karatasi zake zimekwama ofisi ya kodi, wanamtaka mwenye nyumba. Tukaenda. Mama aliyekuwa mezani hakuwa mkali. Alinieleza taratibu, nikaelewa kwamba dada hajaniibia, mpangaji wa biashara lazima akate ile sehemu apeleke, na inahesabika ni mimi nimelipa. Niliona aibu. Halafu akageuza mkataba.

"Mzee wangu, hapa kuna jina la mwanamke na namba ya mlipakodi ya mwanamke. Kwenu nani mwenye nyumba?"

"Mke wangu."

"Yuko wapi?"

Nikasema yuko kwao Kibakwe. Amezikwa huko, lakini nilivyosema nilidanganya na nilijua nadanganya. Akasema basi Ijumaa aje mwenyewe na kitambulisho.

Nje dada kanishika mkono.

"Baba, hili si jina la marehemu?"

"Ndilo."

"Marehemu amesaini mwezi wa sita?"

"Nimesaini mimi."

Akakaa chini kwenye ngazi. Akasema yeye ndiye ataonekana ameghushi, leseni yake itakufa. Hakunitukana, bora angenitukana. Kasema Ijumaa ikipita nimrudishie miezi iliyobaki ahame. Nirudishe nini? Hela iko kaburini.

Nikauliza kwa mjumbe wa mtaa wetu. Kasema dawa ni mirathi. Ukoo wa marehemu ukae kikao, waniteue msimamizi, muhtasari usainiwe, niende mahakama ya mwanzo, ndipo fremu iandikwe mkataba wa haki. Nikampigia shemeji yangu, kaka wa marehemu, maana kule bila yeye kikao hakikai.

"Shemeji, kikao naitisha hata kesho," kasema. "Ila ile fremu inakuja kwangu. Wewe na watoto mbaki na vyumba."

Nikamwambia fremu ndiyo inasomesha wapwa zako.

"Kiwanja cha nani? Kinasomeka jina la dada yangu. Ukibisha, mimi mwenyewe naenda hiyo ofisi nawapelekea picha ya kaburi. Si umeandika tarehe?"

Akacheka. Mimi nilikata simu.

Nikinyamaza, dada anahama na ananidai. Nikisema ukweli ofisini, nimesaini kwa jina la maiti na nimedanganya mtumishi. Nikifuata mirathi, shemeji anachukua fremu na mwanangu anarudi nyumbani. Kodi yenyewe ningelipa, sina ugomvi nayo tena. Simu ya mke wangu ninayo bado, leo imeingia meseji ya ofisi ya kodi kumkumbusha Ijumaa, imeandikwa jina lake lote. Binti mdogo ndiye kanisomea. Kaniuliza, "Baba, hawajui?"

Wenye ujuzi wa sheria na mliofiwa mkabaki na nyumba, niambieni nianzie wapi, kwa yule mama wa ofisini, mahakamani au kwa shemeji. Msinitukane, najijua. Majibu nitasomewa jioni, maana kesho narudi kazini.