Pikapu Iliyonyweshwa Ziwa

Mume wangu alipokufa, mimi niliachiwa pole, naye shemeji yangu akajichukulia pikapu. Alisema anaitunza tu. Aliitunza kwa kubebea mchanga, na msimu mmoja haukuisha kabla haijaanza kuchemka hata kwenye barabara tambarare ya Katito. Ndipo akairudisha mbele ya nyumba yangu, ikivutwa kwa kamba, akatangaza kwamba Jumamosi mtu wa skrepa, mnunuzi wa vyuma chakavu, atakuja kuichukua.

Jumamosi hiyohiyo nyanya zangu zilipaswa kufika Sondu. Nalima chini, karibu na ziwa, na soko liko juu mlimani. Bila pikapu, mimi ni kibarua wa madalali. Kwa hiyo nilikataa. Nilikataa mbele ya mama mkwe na mbele ya wazee, chai yao ikiwa mkononi.

"Nyar Seme," shemeji alisema, yaani binti wa Seme, maana wake wa boma letu huitwa kwa jina la kwao, "hii gari imekufa. Hedi imeenda, kichwa cha injini kimepasuka."

Akaongeza kwamba kwa mila ya mababu mjane hafungui boneti ya gari la marehemu. Ni chira, na laana hiyo huangukia watoto. Nikamuuliza ni mababu gani hao waliojua boneti. Mama mkwe alificha kicheko ndani ya leso.

Miaka yote mume wangu akilala chini ya gari, mimi ndiye niliyempa spana, na sikuwa nimefumba macho. Nilianza kwa kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiingia maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na hapo hata mimi ningekubali kwamba hedi imeenda. Ilikuwa nyeusi tii. Nikafungua rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, nikatia kidole. Kikatoka na tope.

Hasira niliyoipata siwezi kuieleza kwa adabu. Huku kwetu ziwa liko hapo, halina mwenyewe, na kila ambaye gari lake limechemka huteremka na ndoo. Mume wangu hakuwahi. Alikinga mvua kwenye bati, akaichuja kwa kitambaa, akaibeba katika mtungi wa njano uliokaa kiti cha mbele. Ndugu zake walimcheka kwamba analea gari kama mtoto mchanga. Shemeji aliutupa mtungi ule nyuma ya zizi, akainywesha pikapu ziwa.

Nikalegeza mipira ya maji, nikateremsha rejeta, nikaisukumia maji kwa pampu ya kumwagilia nyanya, kutoka chini kwenda juu, kinyume cha njia yake. Yakatoka matope, kisha mizizi ya magugu maji, kisha dagaa mmoja wa ziwani, omena, maskini. Vidole vilichubuka na sikujali. Maji yalipotoka safi niliirudisha mahali pake, nikauokota mtungi nyuma ya zizi, nikaijaza maji ya mvua, na mtungi uliojaa nikaurudisha kwenye kiti cha mbele.

Jumamosi mtu wa skrepa alikuta pikapu imejaa kreti za nyanya na injini inanguruma. Shemeji alimwambia asubiri, kwamba itachemka tu kwenye mlima wa Sondu, na kwamba yeye mwenyewe anataka awepo aone. Akashika mlango wa mbele.

"Mbele kuna maji, shemeji," nikamwambia. "Panda nyuma."

Akapanda na nyanya. Mlimani nilitazama mshale wa joto zaidi ya nilivyotazama barabara. Haukupita katikati. Nikaimba kwa sauti, makusudi, ili asikie huko nyuma.

Wakati wa kurudi alifungua mlango wa mbele bila kuniuliza, akaketi, akaupakata ule mtungi mpaka nyumbani. Mtu wa skrepa alikuwa bado langoni, amechoka kusubiri, akauliza kama sasa anaweza kuchukua mzigo wake. Nilifungua kinywa nimjibu, lakini shemeji alinitangulia, kichwa dirishani, mtungi mapajani.

"Enda tu, bwana," alisema. "Hii gari iko na mwenyewe."